Mwenye Kushika Kamba Avae Nini?



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alifika ofisini kwetu msikitini mama mmoja kutoka upande wa Zinga, akiwa na binti yake wa miaka 14. Hakuja kwa mirathi wala kwa talaka, mambo ambayo ndiyo hasa hutuletea wageni. Alikuja kwa ajili ya punda. Familia yake hufuga punda wawili wa kubebea maji na kuni, na mmoja wao, jike mdogo wa rangi ya majivu, amelelewa na binti huyo tangu siku alipozaliwa. Bwana mifugo alimwona, akapendezwa na afya na utulivu wake, akashauri apelekwe Morogoro kwenye maonyesho ya Nane Nane, ambako watu wa Pwani, Dar es Salaam, Tanga na Morogoro yenyewe hukutana kila mwaka katika Uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere. Mnyama wa namna hiyo hapandwi wala habebeshwi kitu. Huongozwa kwa kamba, hutembezwa, husimamishwa mbele ya waamuzi, nao humzunguka na kumtazama miguu, mgongo, meno na ngozi.

Mama aliuliza: binti yangu avae nini? Mmoja wa waliohusika na maandalizi alikuwa amemwambia kwamba waongozaji wote watavaa shati lililochomekwa ndani ya suruali na kofia ya kawaida, na kwamba kitambaa cha kichwani kitamsumbua mnyama. Nyuma ya swali hilo lilikuwapo la pili, ambalo mama hakulitamka mpaka tulipomwuliza. Nyumbani walikuwa wameanza kusema kwamba, ikiwa mambo ni hayo, basi kamba apewe kaka yake. Baba alikuwa ameshachukua kitambaa dukani kwa mkopo ili mvulana ashonewe suti. Binti mwenyewe hakusema neno, alikuwa akitazama sakafu.

Tulijibu haraka, na haraka hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Tulisema: avae baibui lake, stara ni stara, na mnyama atazoea. Jumamosi iliyofuata wakaja kufanya mazoezi kwenye kiwanja kilicho karibu na msikiti, nasi tukatoka kutazama, tukiwa tumeridhika na fatwa yetu. Wakazi wa Bagamoyo wanajua upepo wa kusi ulivyo katika mwezi wa Julai. Baibui lilijaa upepo kama tanga la mashua, punda akashtuka na kugeuka ghafla, binti akakanyaga pindo la vazi lake mwenyewe na kuanguka kwa kiwiko. Kamba hakuiachia. Punda, baada ya kuruka mara moja, alirudi akasimama juu yake na kumnusa kichwani. Alhamdulillah, jeraha lilikuwa dogo, lakini kosa lilikuwa letu. Tulifundishwa chuoni masharti ya vazi la mwanamke wa Kiislamu, na masharti hayo hayajabadilika. Ila hatukuwahi hata siku moja kumshika punda kamba, na tulijibu kana kwamba tumewashika.

Ilitubidi kuanza upya, na tuanze na swali lile la pili, kwa kuwa lisipojibiwa la kwanza halina maana.

Katika Sahihi ya Bukhari, kwenye kitabu cha ndoa, imepokewa habari ya Bibi Asmaa binti Abubakari (radhi za Allah ziwe juu yao). Alipoolewa na Zubeir, mumewe hakuwa na mali wala mtumishi, hakuwa na kitu ila ngamia wa kutekea maji na farasi. Bibi Asmaa ndiye aliyekuwa akimlisha farasi yule, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi, akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shambani, mwendo wa zaidi ya nusu ya farsakhi. Anasimulia pia kwamba baba yake alipompelekea mtumishi wa kumhudumia farasi, alijiona kama aliyeachwa huru, na ye yote aliyewahi kukata majani ya mifugo kila siku atamwelewa.

Tuliposoma habari hii katika kikao cha kamati, mzee wetu mmoja alitukumbusha kwamba wapo wanazuoni waliosema mambo hayo yalikuwa kabla ya kushuka aya ya hijabu. Ni kweli, na tunamshukuru. Lakini aya ya hijabu ilikuja na vazi. Haikuja kumwondoa mwanamke kisimani, shambani wala zizini. Mama zetu wa pwani hii wametoka wamejisitiri wakaenda kuvua kwa tandilo, kuchota chumvi na kulima mpunga, na hakuna aliyewaambia wawape kaka zao majembe. Binti anayemlisha mnyama alfajiri na kumsafisha kwato jioni hakosi haki ya kuishika kamba ya mnyama huyo siku watu wanapokuja kumtazama. Sharti ni kwamba asafiri na maharimu wake, na baba amekubali kwenda. Kaka naye atakwenda, maana madumu ya maji hayajibebi.

Si watu wa Bagamoyo peke yao wanaohangaika na suala la vazi la mwongozaji. Huko Marekani wako farasi wafupi ambao chama chao kinataka wasizidi inchi 34, yaani kama sentimita 86, kimo kinachoizidi kidogo tu meza ya kulia chakula. Hawapandwi na mtu mzima. Hushindanishwa kwa kuongozwa kwa hatamu, sawasawa na punda wetu huyu, na waongozaji wao hujadili kila msimu kama wavae suti, vesti ya kumetameta au shati la kawaida. Walio makini wamefikia kanuni moja inayofaa kuazimwa: mwamuzi amekuja kumtazama mnyama, basi nguo ya mtu isimshindanie.

Karibu nasi zaidi, Lamu, hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na taasisi ya Donkey Sanctuary ya Uingereza imezoea kuwaleta wenye punda pamoja na kuwatunza waliolea vizuri. Punda hukaguliwa vidonda, kwato na unene, wala hakuna anayepewa zawadi kwa ajili ya kanzu yake. Na ndugu zetu walioko Oman, ambao wengi wao hulisoma gazeti hili wakiletewa na jamaa, wameona ardha ya farasi na ngamia, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa binadamu. Wapandaji wale huvaa kanzu, kilemba na jambia, mavazi yao ya asili, lakini kilichovaliwa kimefungwa mshipi na kukazwa, hakipeperuki. Yaani inawezekana mtu akabaki katika vazi la watu wake na mnyama asidhurike.

Farasi kwetu ni mgeni. Wengi wa watoto wetu wamewaona kwa askari polisi wa Dar es Salaam tu, na mbung'o wa bara hii hakuwahi kuwahurumia: Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sayyid Barghash wa Unguja, na wote walikufa njiani kabla safari haijafika mbali. Mnyama wa misafara alikuwa punda. Kwa hiyo tulimwendea mzee mmoja wa mjini kwetu aliyefanya kazi ya punda maisha yake yote, akibeba mawe ya matumbawe na chokaa wakati nyumba zikijengwa kwa vitu hivyo. Tulimwuliza kuhusu nguo. Alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba punda haogopi nguo, huogopa kitu kinachotikisika pembeni ya jicho lake na kinachotoa sauti nyuma yake. Ukikifunga kisitikisike, na ukimwonyesha mapema, hana habari nacho.

Kwa maneno hayo, pamoja na masharti ya sheria yetu, fundi cherehani alikaa na mama na binti wakashona vazi ambalo tunalieleza hapa kwa sababu wazazi wengine wawili wameshatuuliza. Ni gauni pana lisilobana, linalofika katikati ya muundi, limepasuliwa pembeni kidogo ili hatua iwe ndefu, na chini yake suruali pana inayofika kwenye kifundo cha mguu na kukazwa kwa lastiki. Hivyo hakuna pindo la kukanyagwa, na mpasuo haufichui kitu. Mikono inafika kwenye kiganja na imefungwa kwa kifungo, kwa kuwa mkono mpana hunasa kwenye hatamu. Kitambaa ni pamba nzito. Zile nailoni laini hung'ang'ania mwilini zikiloa jasho, na jua la Agosti Morogoro litamloesha mtu, na pia hupiga kelele ya mchakacho mtu anapotembea.

Mtandio ulikuwa ndio ugomvi, nao ndio uliokuwa mwepesi kuliko vyote. Umeshonwa kama ushungi wa kuvaa kichwani, bila ncha zinazoning'inia, unafunika kifua na kuingia chini ya koti dogo lisilo na mikono ambalo binti amelivaa juu. Hauna pini hata moja. Pini ikifunguka mnyama anapotupa kichwa, huishia kwenye shingo ya msichana au kwenye jicho la punda. Kofia ya waandaaji, wakiitaka, inakaa juu ya ushungi huo bila taabu. Tulimwona mara ya pili kiwanjani, upepo ule ule, na punda hakugeuka.

Tunawashauri wazazi walijaribu vazi kabla ya kulipa fundi. Mwamuzi huweza kumtaka mwongozaji ainue mguu wa mnyama aonyeshe kwato, akimbie naye hatua kadhaa, au achuchumae. Mtoto avae, kisha arukuu, asujudu, anyanyuke na kukimbia. Nguo iliyomsitiri katika hayo yote, mgongo usionekane wala tumbo, itamsitiri pia uwanjani. Jambo hili ni la wavulana zaidi kuliko la wasichana, kwa kuwa siku hizi suruali za vijana wetu hukaa chini ya kiuno na shati ni fupi, na kijana akiinama kushika kwato hadhira nzima humwona asichopaswa kuonyesha. Uchi wa mwanamume kati ya kitovu na goti ni uchi hata kama hakuna anayeukemea.

Kanzu je? Kijana akipenda, avae, nasi tutafurahi. Lakini iwe juu ya vifundo vya miguu, na kwa kazi hii tungependa ikaribie magoti, na suruali chini yake. Mtume (SAW) alipoonya dhidi ya kuburura nguo kwa kiburi, Sayyidna Abubakari alisema kwamba upande mmoja wa shuka yake huteremka asipoangalia, naye akaambiwa kuwa hakuwa miongoni mwa wafanyao hivyo kwa kiburi. Mwongozaji wa punda hana nafasi ya kuangalia shuka. Mkono mmoja uko karibu na kidevu cha mnyama, wa pili umeshika kamba iliyobaki ikiwa imekunjwa, kamwe isizungushwe kwenye kiganja, kwani punda akikimbia atamburura mtu na mkono wake. Anayehitaji mkono wa tatu wa kushikia kanzu amekosea vazi.

Viatu viwe vya kufunika vidole, vya ngozi au vya mpira mzito. Kandambili hazifai kabisa: kwato ya punda mdogo ikikanyaga kidole kitupu, kucha hung'oka. Pete, bangili na saa ya mnyororo zibaki nyumbani, maana kamba hupita humo. Manukato pia, na hapa sheria na punda wamekubaliana tena: mwanamke hakuruhusiwa kutoka amejifukiza ili wanaume wamnuse, na mnyama aliyemzoea mtu kwa harufu yake ya kila siku humshangaa akija ananukia udi wa harusini.

Kuhusu rangi, yule mzee hakuwa na la kusema, lakini wenye farasi wadogo wanalo. Nguo iwe ya rangi moja na itofautiane na ya mnyama, ili umbo lake lionekane kwa mbali. Punda wa majivu hupendeza mbele ya bluu nzito au kijani kibichi. Wa kahawia nzito hupendeza mbele ya rangi nyepesi. Nyeupe tupu ni nzuri mpaka punda atakapokufutia pua begani, jambo ambalo hulifanya dakika moja kabla ya kuitwa.

Suti ya mkopo tuliirudisha dukani, na mwenye duka, Allah amlipe, alikubali. Lililotuuma ni kwamba familia inayouza maji kwa dumu ilikuwa tayari kuingia deni ili isionekane duni mbele ya wageni wa mjini. Mtume (SAW) ameonya juu ya vazi la kujitafutia umaarufu, na pia amefundisha kwamba Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Vazi la binti lilishonwa kwa kitambaa cha sare ya zamani ya mama yake, na kilichonunuliwa ni lastiki, vifungo na uzi.

Na punda mwenyewe avae nini? Katika Surat An-Nahl, Allah ametaja wanyama howa na akataja kwamba tunao uzuri ndani yao tunapowarudisha jioni na tunapowatoa asubuhi, kisha akataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na ni pambo. Pambo la punda ni ngozi isiyo na kidonda. Hatamu iwe safi, isiyobana pua, iliyopita kidole kimoja au viwili kati yake na taya. Shanga chache za rangi hazina ubaya. Lakini tumesikia, na tunaomba tuwe tumesikia vibaya, kwamba kuna waliomletea mama huyo hirizi ya kumfunga punda shingoni dhidi ya husuda. Mtume (SAW) aliamrisha kukatwa vidani vya namna hiyo kutoka shingo za ngamia. Mama aseme Bismillah, amwombee mnyama baraka, na amswagie manyoya. Imo pia katika Muwatta ya Imamu Malik habari kwamba Mtume alionekana akimfuta farasi wake uso kwa shuka yake ya mabegani, na alipoulizwa alisema kwamba usiku ule alikuwa amelaumiwa kwa ajili ya farasi. Anayeogopa nguo yake mpya isichafuliwe na mnyama na aisome habari hiyo.

Limebaki la swala, ambalo wasafiri wa maonyesho hulisahau. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, jasho na mate ya punda aliye hai ni tohara, basi nguo iliyoguswa navyo inasaliwa. Kinyesi na mkojo wake ni najisi, na zizi la maonyesho halikosi hivyo. Binti atachukua kanga mbili safi na gauni la kubadili, na kaka kanzu na kikoi, vikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na majani ya punda. Kutoka Bagamoyo hadi Morogoro ni safari ya kufupisha swala, na wanaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Walionuia kukaa huko siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, watimize swala zao kama wakazi.

Wiki iliyopita tuliwaandikia waandaaji barua kwa niaba ya familia, tukaambatanisha picha ya vazi na kueleza namna ushungi ulivyofungwa, bila kulaumu, kwani hofu yao juu ya kitambaa kinachopepea ilikuwa ya kweli, nasi tuliiona kwa macho yetu kiwanjani. Jibu lilifika Jumatatu: wamekubali, ila wanataka viatu viwe vyeusi. Nakala ya barua na kipimo cha vazi vipo ofisini kwa mzazi ye yote atakayevihitaji, kila siku baina ya Alasiri na Magharibi, isipokuwa Alhamisi hii ambapo ofisi itafungwa mapema, kwa kuwa gari la kumpeleka punda litaondoka baada ya Alfajiri ya Ijumaa na bado hatujampata mtu wa kutuazima maturubai.